Santuri ya Baba Mdogo Kioko

Juma lililopita fundi alikuja kukata geti la jirani yangu. Msumeno wake wa umeme ulipoanza kula chuma, ile harufu ilipita juu ya ua ikaingia jikoni kwangu: chuma moto, mafuta ya mashine, na kitu kama nywele zilizoungua. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Niliviacha vikawa makaa, nikakaa kitini na mwiko mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia kama mtoto aliyechapwa. Mjukuu wangu akauliza kama nimejichoma. Aliuliza kwa Kiingereza, maana hawa waliozaliwa huku Kiswahili wanakielewa vizuri ila ukiwataka wakijibu ulimi unakuwa mzito. Nikamwambia ni vitunguu tu, akarudi kwenye simu yake.

Ile ilikuwa harufu ya baba mdogo wangu, Kioko. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Karibu kila mmoja wetu alikuwa na mtu mmoja nyumbani ambaye akiingia, hata kiti kinaonekana kimefurahi. Wengine walikuwa na shangazi mwenye peremende. Mimi nilikuwa na Kioko, mdogo wake baba, mrefu, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za kuungua, anayenuka kiwanda hata baada ya kuoga. Tulikaa Small Heath, mtaa wa Birmingham huku Uingereza, kwenye nyumba iliyobanana na za jirani kama meno, choo uani, ukuta wa chumba changu umeota ukungu mweusi. Nilikuwa nauangalia ule ukungu nikiona ramani za nchi. Mama alikuwa nesi. Baba alikuja kusoma sheria, sheria ikamshinda, akawa kondakta wa basi, na kushindwa huko alikuvaa kila asubuhi pamoja na koti lake la kazi.

Baba na Kioko ni Wakamba, mama yangu ni Mtaita, kwa hiyo lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, chenye Kikamba huku na Kitaita kule, na Kiingereza cha kumalizia. Mimi ni binti wa kwanza, nikapewa jina la mama yake baba, Kalondu, kama desturi inavyotaka. Desturi hiyo si ya jina tu. Ukiitwa kwa jina la mtu, wewe ni yule mtu. Baba hakuwahi kunichapa, maana nani atamchapa mama yake? Na Kioko aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu na mimi nikiwa bado naota meno ya mbele, lakini akitoka kwenda mahali pa maana alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema, "Mwaitu, mwanao anaondoka." Mimi natema mate kidogo kiganjani, nampaka utosini, nasema, "Nenda salama, mwanangu." Wazee wa kwao ndivyo wanavyobariki. Mama alicheka akisema tunaeneza mafua, lakini Kioko hakucheka. Alikuwa akingoja mpaka mkono wangu uguse kichwa chake.

Kazi yake ilikuwa kwenye karakana ya kufua chuma, karibu na mfereji. Humo mlikuwa na nyundo kubwa kuliko nyumba yetu, zinazopandishwa juu kisha zinaachiwa zianguke juu ya chuma chekundu, ili kitoke chuma cha injini kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Longbridge. Siku moja mama alinichukua kumpelekea chakula alichosahau. Tulikuwa bado barabarani, mbali na lango, lakini kila nyundo ilipoanguka nilihisi meno yangu yakigongana. Mama aliniziba masikio. Nilimuuliza wale watu wa ndani nani anawaziba. Akasema wengine wanatia pamba, na wengine wanaona pamba ni ya wanawake.

Jioni na mwisho wa wiki Kioko alipiga ngoma. Si ngoma za kwetu, ni zile za Wazungu, za kukalia na kupiga kwa mikono na miguu, pamoja na vijana watatu wa mtaani. Mkubwa wao aliitwa Terry, mpiga gitaa mwenye nywele mpaka mabegani na jino moja lililovunjika. Walifanyia mazoezi chumba cha chini cha ukumbi wa kanisa lililofungwa, nyuma ya barabara ya Coventry, na Jumamosi mchana Kioko alinichukua nikawasikilize. Muziki ule haukuwa bado na jina tunalouita leo. Ulikuwa mzito na wa taratibu, gitaa linakoroma, besi inatambaa chini yake, na ngoma za Kioko zinaanguka moja moja kama mtu anayeshusha magunia. Kwa kweli ulinitisha. Nilimuuliza kwa nini hawapigi kitu cha furaha. Akanishika kidevu kama kawaida yake, akaangalia mdomo wangu nikirudia swali, kisha akasema, "Mwaitu, hawa baba zao wote ni wa viwandani. Unataka wapige kuhusu maua?"

Hiyo ya kunishika kidevu ndiyo naikumbuka kuliko zote. Kila niliposema naye alinigeuza uso kwa vidole viwili akanitazama midomo, na mimi nilijua hayo ni mapenzi. Hakuna mtu mwingine aliyenitazama hivyo nikisema habari za shule. Nilijua pia kwamba anapiga ngoma bila viatu kwa sababu Wakamba hucheza bila viatu, maana alikuwa ameniambia hivyo kwa mzaha. Nilijua anaweka kiganja juu ya gramafoni yetu tukisikiliza nyimbo za injili kwa sababu anaiombea. Na alipoitwa na mama kutoka jikoni asiitike, nilijua ni kiburi cha vijana, maana baba ndivyo alivyosema. Mtoto huwa na jibu la kila kitu, tena jibu lililokamilika, ndiyo sababu haulizi.

Baba alikuwa na methali moja kwa ajili ya Kioko: sikio la kufa halisikii dawa. Aliitoa mezani, aliitoa kwenye ngazi, aliitoa mbele ya wageni. Alikuwa amemleta mdogo wake Uingereza ili awe injinia. Kioko akasoma chuo cha jioni mwaka mmoja na nusu, akifanya vizuri, halafu ghafla akaacha, bila sababu ya maana. Alisema tu kwamba mwalimu anaongea akiwa ameelekea ubao. Baba aliona hicho ni kisingizio cha mtu mvivu. Kwake yeye ngoma ndizo zilizomla mdogo wake, na nyuma ya ngoma kuna shetani, na Jumapili wale Wakenya wachache waliokuja kusali sebuleni kwetu walimkubalia kwa kutikisa vichwa. Nikimtetea baba, na leo nataka kumtetea kidogo, alimpenda Kioko vibaya sana. Alikuwa amemuahidi mama yao kwamba atamrudisha akiwa mtu wa maana. Hakuwa na kitu kingine chochote cha kurudisha.

Basi ikaja habari ya santuri. Kampuni moja ndogo ya London ilikuwa imewasikia akina Terry mahali, ikawapa studio kwa siku mbili, Jumapili mchana na Jumatatu, warekodi santuri nzima, pande zote mbili. Kioko aliingia nyumbani na habari hiyo akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alimbeba mama akamzungusha jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Alimwambia baba, "Kaka, jina la baba yetu litaandikwa kwenye santuri." Baba alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Jina la baba yetu haliandikwi jehanamu," akaendelea kunywa.

Jumapili yenyewe tulisali kama kawaida. Wageni walipomaliza chai na chapati, Kioko akashuka ngazi na vijiti vyake vya ngoma mfukoni, amevaa shati jeupe. Terry alikuwa anamngoja nje ndani ya gari bovu la samaki la mjomba wake. Baba akasimama katikati ya sebule. Nilidhani atamgombeza, lakini alinigeukia mimi. Alinishika mabega kwa nyuma, akanisimamisha mbele ya Kioko, mbele ya watu wote.

"Mimi hanisikii," baba akawaambia wageni. "Tuone kama atamsikia mama yake." Kisha akaniinamia sikioni. "Mwaitu, mwambie mwanao. Sema: Kioko, nimekukataza. Ukienda, usirudi."

Mama akasema, "Baba Kalondu, huyu ni mtoto." Baba akasema, "Huyu ni mama." Hakuna mgeni aliyecheka. Nyinyi mnaotoka kwenye desturi hizi mnajua kwamba neno la mama likishatoka halirudi mdomoni. Mtu anaweza kukaidi serikali, akamkaidi mchungaji, lakini mama akisema usirudi, mtu harudi. Baba hakuwa anacheza. Alikuwa ameshika silaha ya mwisho, na silaha hiyo ilikuwa mimi, na soksi zangu nyeupe za Jumapili.

Kioko alikuwa ameniona nimesimamishwa mbele yake. Alitabasamu. Kabla sijafungua mdomo akawa ameshainamisha kichwa, kama siku zote, utosi wake mbele ya uso wangu, na harufu ile ya chuma ndani ya nywele. Nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, kama shairi la shuleni, kwa sababu niliogopa kukosea mbele ya watu. "Kioko, nimekukataza. Ukienda, usirudi."

Hakuinuka. Alingoja. Sebule nzima ilingoja pamoja naye. Halafu, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono, akautafuta wangu, akaweka kiganja changu utosini pake mwenyewe. Akainuka akiwa anang'aa uso. "Asante, Mwaitu," akasema. Akawapungia wageni, akamgusa baba begani, akatoka. Tulisikia gari la samaki likikohoa mpaka likakubali kuwaka.

Mzee mmoja wa maombi alisema polepole, "Ameiona laana akaishukuru." Baba alikaa chini. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa muda mfupi vile. Alikuwa amekusudia kumtisha, hilo nalijua sasa. Hakutarajia kabisa kwamba mtu anaweza kusikia neno lile akasema asante. Baada ya hapo hakuwa na njia ya kurudi nyuma, kwa sababu alishasema mbele ya watu na kwa kinywa cha mama yake. Alipanda juu, akafunga sanduku la Kioko, akaliweka nje kwenye ngazi ya mlango.

Kioko alirudi siku ya pili jioni, muda wa chai, giza la baridi likiwa limeshaingia na mvua inanyesha ile mvua ya Birmingham isiyoisha wala kuongezeka. Aligonga. Baba akaenda, akasimama nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi za ndani, niliwasikia wote wawili.

"Umekatazwa na mama yako," baba akasema. "Kila mtu alishuhudia."

"Kaka?" akasema Kioko. "Mko ndani? Fungua, nalowa."

"Nimesema, umekatazwa. Omba msamaha hapo ulipo, nami nitafungua." Sauti ya baba ilivunjika. "Omba tu msamaha, Kioko. Neno moja."

"Kaka, kuna nini? Sanduku langu liko nje. Mmelala?"

"Sikia anavyonidhihaki," baba akamwambia mama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Namwomba neno moja, ananiuliza kama nimelala."

Waliendelea hivyo kwa muda. Baba anajibu, Kioko anauliza kilekile. Kioko akasema tena "Kaka?" mara ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya kisima, kisha nikasikia sanduku likiinuliwa. Mama alitaka kukimbia nje, baba akashika komeo. Nilirudi kitandani nikaangalia ukungu wangu. Nilimchukia Kioko usiku ule. Ilikuwa rahisi zaidi kumhurumia baba.

Alihamia chumba kwa Terry, Balsall Heath. Mama alimwona mara mbili tatu kwa siri, akampelekea ugali kwenye kopo, lakini alisema Kioko amekuwa mkimya, anatikisa kichwa tu na kutabasamu, na hakuuliza kwa nini alifukuzwa. Mama alifikiri ni aibu. Kwetu nyumbani jina lake halikutajwa. Nilitimiza miaka tisa bila mtu wa kunishika kidevu.

Alikufa karakanani, asubuhi ya siku ya kazi. Mnyororo wa winchi ulikatika, mzigo wa vyuma ukaanza kuteleza nyuma yake. Wenzake waliona. Walipiga kelele, wanaume kama kumi hivi, na mmoja akapuliza filimbi. Kila mtu alikimbia ila Kioko, ambaye aliendelea kuinama juu ya kazi yake. Baba alipoambiwa, kwanza alikataa, halafu akasema kitu ambacho naomba Mungu amsamehe, maana mimi nimeshamsamehe. Alisema, "Mama alishasema usirudi." Akaenda chooni uani, akakaa humo mpaka mama akamtoa.

Tulimzika palepale Birmingham, ardhi imeganda, wachimbaji wanalalamika. Terry alikuja na wenzake, nywele zimelowa, suti za kuazima. Siku chache baada ya mazishi akaja nyumbani peke yake na kitu bapa kimefungwa gazeti. Ilikuwa ile santuri. Ilikuwa imetoka kiwandani wiki hiyohiyo, nyeusi, ina harufu ya plastiki mpya, na jaladani picha ya mfereji wenye ukungu. Nilidhani baba atamfukuza, lakini alimpisha akaingia. Nguvu za kufukuza watu zilikuwa zimemwishia.

Terry alikaa pembeni mwa kochi kama mtu aliyeletwa polisi. Alisema anatuletea ya Kioko, nakala yake, alikuwa anaingoja. Halafu akaanza kutueleza jinsi walivyoirekodi. Fundi wa studio alikuwa amempa Kioko hedifoni avae kama wapiga ngoma wote, Kioko akazivua. Akavua na viatu. Akaomba spika ya Terry isogezwe, akaweka mguu mmoja mtupu juu ya mbao yake, na Terry akasimama mbele yake uso kwa uso, ili Kioko auone mkono wake wa kulia. Terry akishusha mkono kwenye nyuzi, Kioko anaona, ndipo anapiga. "Ndiyo sababu ngoma zinachelewa kidogo, bibie," Terry akamwambia mama. "Kila pigo. Kidogo tu. Fundi alitukasirikia, akasema turudie. Tulipozisikiliza tukamwambia asiguse kitu. Wimbo wote umekuwa mzito kwa sababu ya kule kuchelewa. Hatujawahi kusikia kitu kama kile."

Mama alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole sana. Nesi akiweka kikombe vile, watoto wake wanajua kuna jambo. "Kwa nini aone mkono?" akauliza. "Kwa nini asisikie tu gitaa?"

Terry alimwangalia mama, akamwangalia baba. Alionekana anatafuta kama tunamtega. "Asikie?" akasema. "Kioko hakuwa anasikia kitu. Mwaka mzima na zaidi. Ni zile nyundo, wengi zinawafanya hivyo, babu yangu pia. Alisoma midomo. Nilidhani mnajua. Nyinyi ni ndugu zake."

Akanigeukia mimi, akajaribu kutabasamu na lile jino lake. "Siku ile ya kurekodi alikuja garini ana furaha kama mtoto, binti. Aliniambia mama yake amembariki mbele ya watu wote. Nikasema mama yako si yuko Afrika? Akasema hapana, ni yule mdogo."

Sijui Terry aliondoka vipi. Nakumbuka mama akipiga magoti, akijipiga kifuani, akirudia, "Mimi nesi, mimi nesi, mimi nesi," kwa sababu wodini kwake alikuwa anapima masikio ya watu wengine. Baba hakulia. Alichukua ile santuri, akaiweka kwenye gramafoni ya nyimbo za injili, akashusha sindano. Ukatoka ule mngurumo nilioujua kutoka chumba cha chini. Baba akaweka kiganja juu ya mbao ya gramafoni, akafumba macho, na kila ngoma ilipoanguka, imechelewa kidogo, mabega yake yalishtuka. Aliisikiliza mpaka upande wote ukaisha na sindano ikabaki inakwaruza katikati. Tangu siku ile sikumsikia tena akitoa ile methali yake.

Ninavyoandika haya wapo vijana wanaoipenda santuri ile. Niliwahi kuwasikia wawili dukani wakibishana juu ya "ule uzito," mmoja akieleza kwamba mpiga ngoma alikuwa fundi wa kuchelewesha pigo makusudi. Niliwaacha. Nilitamani kuwaambia, lakini ningeanzia wapi? Ningeanza na soksi nyeupe?

Miezi ilipita kabla ya kaseti kufika. Zama zile waliokuwa na ndugu mwalimu mwenye kinasa sauti huko nyumbani walitumiana sauti kwa kaseti, maana bibi zetu wengi hawakuandika. Mtu aliyetoka Machakos alituletea kwenye mfuko wa koti. Baba aliazima mashine kwa jirani, tukakaa mezani watatu. Ikaanza na kuku, kisha mtu akisema "ongea hapa, susu," yaani bibi, kisha sauti ya mwanamke mzee, iliyo karibu mno, kama amekaa mapajani mwetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia. Kiswahili chake kilikuwa cha Ukambani, kizito, akitafuta maneno kwa sababu yangu.

Alitusalimu mmoja mmoja. Alisema wamechinja mbuzi, wamemlilia. Kisha akasema, "Walinielesa ati alikuwa anapiga ngoma kwa Wazungu, na wanaeka kwa sahani inasunguka. Nikafurahi. Baba yake alikuwa mpigaji, hamjui kwa sababu mlikuwa watoto. Nilikuwa nangoja hiyo sahani." Baba aliinamisha uso mezani. Hakuwa amewahi kumuuliza mama yake juu ya ngoma, hata mara moja. Alikuwa amemsemea tu.

"Sasa wewe Kalondu," ile sauti ikaendelea. "Wewe ni mimi. Mimi sikuwa hapo, lakini wewe ulikuwa. Huyo mtoto wangu alikuwa mtu wa kutosikia tangu akiwa mdogo, unamwita yeye ameshavuka mto. Nataka kujua kitu kimoja nilale. Mara ya mwisho ametoka kwa mlango yenu, ulimwambia nini? Na alisikia?"

Kukawa na kuku tena, kisha mkwaruzo mtupu.

Baba aligeuza kaseti upande wa pili. Hakunitazama. Alisema, na hakusema Mwaitu, alisema kama mtu anayemwomba mtu asiyemjua, "Anataka ukweli. Mwambie unavyojua wewe." Mama alisimama nyuma ya kiti changu. Baba akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na cha pembeni yake, na yale magurudumu madogo yakaanza kuzunguka, yakinisubiri mimi. Niliangalia kidole chake. Kilikuwa bado juu ya mashine.

"Susu," nikasema, "ni mimi Kalondu. Aliinama. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikamwambia, nenda salama, mwanangu."

Lakini swali lilikuwa na sehemu mbili.

"Alisikia, susu. Alisikia kila neno."

Baba akazima mashine.